UZI: Michezo ya redio Burundi na Rwanda baada ya vita, je ilisaidia kweli? Karibuni tuongee

Mwana_wa_Malagarasi

Wakuu habari za jioni. Nina jambo limenikaa kichwani siku nyingi na juzi nimesikia mtu kwenye daladala anasema redio ni kitu cha wazee, haina maana tena, nikajikuta nimekasirika mpaka nimeshuka kituo kisicho changu. Sasa naomba niliandike hapa, ni refu kidogo, mwenye haraka apite.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Kwetu ni karibu na ilipokuwa kambi ya Mtabila, wale warundi waliokimbia baada ya rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Kiha na Kirundi ni ndugu, tunasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo sisi watoto wa pale tulikua na marafiki kambini, tunakutana soko la pamoja, mama anauza mihogo na dagaa, wao wanauza mafuta na maharage ya mgao.

Kulikuwa na mzee mmoja mrundi rafiki wa baba, alikuwa na redio ya mkulima. Jioni watu wanajaa kwake kusikiliza mchezo unaitwa Umubanyi Niwe Muryango, kwa Kiswahili ni kama kusema jirani ndiye ndugu. Familia mbili zinapakana, moja ya Kihutu, moja ya Kitutsi, vita iko nje na wao wanatakiwa waendelee kuishi ukuta kwa ukuta. Ulianza 1997, vita ikiwa bado mbichi kabisa, sio baada ya amani. Mwandishi wake ni mama wa Kirundi, Marie-Louise Sibazuri, aliuandika miaka na miaka, vipindi vilipita 800. Ulikuwa unatengenezwa na Studio Ijambo pale Bujumbura, studio ilianzishwa 1995 na shirika la Search for Common Ground, na waandishi wa habari wao walikuwa wanatumwa kazini wawili wawili, Mhutu na Mtutsi, ili kila mmoja aweze kuingia mtaa ambao mwenzake angeuawa.

Nachokumbuka mimi sio hadithi yenyewe sana, nilikuwa mdogo. Nakumbuka watu waliokuwa wanasikiliza. Yule mzee mwanzoni ile familia ya pili ikianza kuongea alikuwa anasimama anatoka nje, anajifanya anaangalia moto. Hazimi redio, hafukuzi mtu, anatoka tu. Ndugu zake walikuwa wameuawa na watu alioamini ni wa upande ule na kambini karibu wote walikuwa wa upande wake, hata familia za ndoa mchanganyiko wengi walipelekwa kambi ya Mkugwa kule Kibondo kwa usalama wao, kwa hiyo hakuna mtu angemlaumu. Baada ya miezi mingi sana akawa anakaa. Hasemi kitu ila anakaa.

Swali langu kwenu, kile kilichotokea kwa yule mzee ni nini? Alibadilika moyo? Mimi nimesoma kidogo haya mambo na nina jibu langu ila naomba kwanza niwasikie.

Kipara_Ngoto

Mkuu uzi mzuri ila mimi nitakuwa mkweli, hizo ni hela za wafadhili tu. Mtu kachinjiwa watoto unamletea igizo? Halafu redio hiyo hiyo ndo iliyoua Rwanda, RTLM, ile redio ya chuki, si redio? Tusijidanganye.

Mwana_wa_Malagarasi

Mkuu Kipara umegusa penyewe na wala sikukatalii, naanzia hapo hapo.

RTLM ilianza 1993, ikatangaza mpaka Julai 1994. Watu wengi wanadhani ilikuwa inapiga kelele za chuki masaa 24. Ingekuwa hivyo nani angesikiliza? Redio ya serikali wakati ule ilikuwa kavu, hotuba na taarifa. RTLM ikaja na muziki, utani, umbea wa mjini, watangazaji wanaongea kama wako baa, wasikilizaji wanapiga simu. Katikati ya huo utamu ndo wanaweka neno mende, la kuwaita Watutsi, na baadae majina ya watu na wanapokaa. Kesi ilikuja kusikilizwa hapa hapa kwetu Arusha, mwaka 2003 mahakama ya kimbari ikawatia hatiani Nahimana na Barayagwiza waliokuwa waanzilishi wa ile redio, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura.

Sasa fikiria anayesikiliza kijijini. Sio kwamba redio ilimwingizia chuki mpya kichwani kama sindano. Ilimwambia wenzako wote wameshakubali, umebaki wewe. Ilimfanya aone kuua jirani ni jambo ambalo wenzake wanalitarajia kwake, na kukataa ni aibu na ni hatari. Mimi naamini mchezo wa redio unapita mlango ule ule, ila unaingia na kitu kingine. Unamwambia kuna wenzako ambao hawajakubali, uko nao wengi tu.

Na hii sio maneno yangu ya kijiweni, kuna mtu alipima, nitaeleza nikishakula.

Binti_Rift

Niaje watu wangu. Mimi ni wa Nakuru. Hii ya wenzako wote wameshakubali nimeielewa vizuri sana kwa sababu tuliiona huku kwa vurugu za uchaguzi 2007 na 2008. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na kabla ya hapo neno madoadoa, la kuwaita watu wa makabila mengine, lilikuwa linatumika kama mzaha tu, watu wanacheka, hakuna mtu wa kusema hapana. Redio za lugha za mama zililaumiwa hata na tume ya Waki iliyochunguza vurugu hizo. Baadae 2009 tukaletewa mchezo wa The Team, timu ya mpira Imani FC, wachezaji wa makabila tofauti, wasiposhirikiana hawafungi goli. Ulikuwa kwa TV na kwa redio pia. Nilikuwa shule, tuliipenda. Lakini enyewe nilipenda mpira na story, sijui kama ilinibadilisha. Jirani yetu aliyehama hakurudi mpaka leo, shamba liko na mtu mwingine.

Mwana_wa_Malagarasi

Pole sana dada, na hilo la shamba usiliache, nalirudia baadae maana ndo kiini kabisa.

Sasa kipimo. Rwanda mwaka 2004 ulianza mchezo unaitwa Musekeweya, maana yake alfajiri mpya, ulikuwa unatengenezwa na La Benevolencija, shirika la Uholanzi, unarushwa Radio Rwanda kwa Kinyarwanda. Vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, viko juu ya vilima viwili na katikati kuna bonde lenye rutuba. Ardhi haitoshi, serikali ikapendelea kijiji kimoja, njaa ikaingia cha pili, akatokea mtu anaitwa Rutanagira anachochea, watu wakashambuliana. Kuna kijana Shema na binti Batamuriza, mmoja huku mmoja kule, wanapendana, wanaanza kukusanya vijana wa pande zote kuwapinga wakubwa wanaotaka vita. Kwenye mchezo mzima hutasikia neno Hutu wala Tutsi. Rwanda baada ya 1994 kuongelea ukabila hadharani kumebanwa sana na sheria, kwa hiyo wakatumia vilima. Na kila mnyarwanda anajua kinaongelewa nini.

Walimu wa saikolojia, Ervin Staub na Laurie Pearlman, ndo waliosaidia kujenga mafunzo ya ndani: vurugu haziji ghafla, zinapanda ngazi kidogo kidogo, na mtu anayeangalia kimya ana nguvu kuliko anavyodhani. Halafu akaja mtafiti Elizabeth Levy Paluck, akachukua jamii mbalimbali, vijiji vya kawaida, vya manusura, Watwa, mpaka magereza. Baadhi wakasikiliza Musekeweya mwaka mzima, wengine wakasikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya, ili alinganishe. Majibu aliyachapisha 2009 na mimi nilipoyasoma niliweka simu chini nikakaa kimya, maana nilimuona yule mzee wa Mtabila.

Imani za watu hazikubadilika sana. Yaani mafunzo yale ya chanzo cha vurugu, watu hawakuyameza kama walivyotarajia. Kilichobadilika ni jinsi wanavyoona jamii yao inakubali nini. Mtu aseme wazi asipokubaliana au anyamaze? Waliosikiliza Musekeweya wengi zaidi wakasema aseme. Umkataze mwanao kuoa upande wa pili? Wengi zaidi wakasema hapana. Na mwisho wa mwaka kila kikundi kikapewa redio kaseti na kanda za vipindi, wakaachwa waamue wenyewe itatunzwaje. Vile vikundi vya mchezo wa afya wengi mtu mmoja akisema tumpe kiongozi wa serikali atutunzie, wote ndiyo, kimeisha. Waliosikiliza Musekeweya walibishana. Mtu anasimama anasema hapana, hii ni yetu, tuitunze pamoja.

Wakuu mnaelewa uzito wa hapo? Nchi ambayo miaka kumi nyuma watu walitii amri ya kwenda kuua majirani, halafu mwanakijiji anasimama mbele ya wenzake anakataa kumkabidhi kiongozi redio tu. Redio ni kitu kidogo ila misuli ya kusema hapana ni ile ile.

Kipara_Ngoto

Hapo nimekuelewa mkuu, hiyo ya redio kaseti sikuwahi kuisikia. Ila bado, kwa nini wasitumie mdahalo tu? Unaita watu wa pande zote redioni wanaongea ukweli, yanaisha. Igizo ni kuzunguka mbuyu.

Mushi_wa_Kivu

Bonjour bandugu. Mimi ni mtu wa Bukavu, munivumilie na Kiswahili yetu ya huku. Kipara, hiyo mdahalo walijaribu kwetu. Kulikuwa mchezo Kumbuka Kesho, ya La Benevolencija pia, mu Kiswahili, tuliusikiliza sana, watu wanaketi pa barza magaribi wanasikia. Mahali pengine waliongeza kipindi ya kuongea nyuma ya mchezo, wasikilizaji wapige mabishano. Lakini ku Kongo vita haiyaisha. Ukisema muongee, watu wanaongea ile yenye kuwa mu roho: nani alichukua shamba, nani alileta wale ba silaha, nani si mukongomani ya kweli. Mimi niliona baba wawili marafiki waligombana juu ya ile maongezi na mpaka leo hawasalimiane. Mchezo peke yake haukuwagombanisha, ni maongezi yenye haikuwa na mtu wa kuisimamia.

Mwana_wa_Malagarasi

Ndugu yangu wa Bukavu asante sana, na ulichokiona kwa macho kimepimwa vile vile. Ni Paluck huyo huyo, majibu yalitoka 2010. Sehemu moja mashariki mwa Kongo mchezo peke yake, sehemu nyingine mchezo pamoja na kipindi cha kuhamasisha watu wajadiliane. Waliopata majadiliano waliongea zaidi kweli, ila wakatoka na manung'uniko zaidi, wakawa wagumu zaidi kwa watu wasiowapenda. Waliombwa watoe sehemu ya chumvi waliyopewa kwa ajili ya kundi wasilolipenda, wakawa wazito kutoa kuliko wale waliosikiliza mchezo tu.

Kwa hiyo mkuu Kipara jibu lako hilo hapo. Kuzunguka mbuyu kuna faida yake. Kwenye mdahalo mimi nakaa kama Mhutu au Mtutsi, au mtu wa kabila fulani, natetea upande wangu. Kwenye mchezo nakaa kama msikilizaji, namlilia binti wa kilima cha pili kabla sijakumbuka kwamba yeye ni adui. Na kesho yake kisimani tunamjadili Rutanagira, hatujadiliani mimi na wewe. Ila narudia, sisemi watu wasiongee ukweli. Nasema ukiwasha mdahalo pasipo msimamizi anayejua kazi, wakati watu bado wana silaha na madeni ya damu, unaweza kuumiza.

Mwalimu_Kakonko

Nimefuatilia kimya. Wakubwa zetu hapa wanakumbuka RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ilifanya kitu cha namna hii bila vita, Twende na Wakati, 1993, uzazi wa mpango na ukimwi. Dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu. Dodoma hawakurushiwa mpaka 1995 ili walinganishe, na kwenye mikoa iliyosikia matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi. Njia yenyewe ilitoka kwa Mmexico, Miguel Sabido, kwamba lazima uwe na mwema, mbaya na yule wa katikati anayeyumba. Wa katikati ndo msikilizaji.

Swali langu Mwana wa Malagarasi, yule mbaya kwenye michezo ya amani unamuandikaje? Maana kwa Mkwaju ni rahisi, anaugua, watu wanajifunza. Mchochezi wa vita je, mara nyingi anapata cheo.

Mwana_wa_Malagarasi

Mwalimu shikamoo, swali lako ni zito. Kwa maoni yangu hapo ndo michezo mingi inaharibika. Mwandishi mwoga anamfanya mchochezi shetani, anacheka cheko la kutisha, kila mtu anamjua tokea kipindi cha kwanza. Msikilizaji anasema mimi siko hivyo, basi amepona, hahusiki. Mchochezi wa kweli ni mtu anayekusaidia kwenye msiba, anayekopesha mbegu, anayesema kwa upole kwamba wale wanatuonea na mara nyingi hilo la kuonewa lina ukweli ndani yake! Kile kijiji cha pili kilikuwa na njaa kweli. Bonde lilikuwa halitoshi kweli. Ukiandika mchezo wa amani ukaficha njaa, watu wenye njaa watajua unawadanganya dakika ya tatu na watahamisha masafa.

Ndo maana nilimwambia dada wa Nakuru shamba nalirudia. Dada, mchezo hauwezi kumrudishia jirani yako shamba. Yeyote anayesema unaweza ni mwongo na ndo hao wafadhili Kipara anaowasema, wanaoleta igizo mahali panapohitaji hakimu na hati. Kwa Burundi kazi ya kusimamisha vita ilifanywa mezani Arusha, Mwalimu Nyerere akiisimamia mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaipokea, mkataba ukasainiwa Agosti 2000, na bado mapigano yaliendelea miaka baada ya hapo. Redio haikufanya hilo. Ilichofanya ni kwamba watu waliporudi kwenye vilima vyao kulikuwa na sentensi ambazo tayari walishazisikia zikisemwa na mtu kama wao, kwa hiyo haikuwa lazima wawe wa kwanza kuzisema.

Kipara_Ngoto

Na 2015? Si Burundi ilirudi kule kule?

Mwana_wa_Malagarasi

Ilirudi kwenye moto mwingine ndiyo, na mimi sitafuni maneno. Mei 2015 yalipojaribiwa yale mapinduzi yakashindikana, redio za binafsi Bujumbura zilishambuliwa, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Isanganiro ilizaliwa 2002 na watu wa Studio Ijambo, na mwanzilishi wa RPA Alexis Sinduhije alipita Ijambo pia. Waandishi wengi wakakimbilia Kigali na kwingine, na wakimbizi wakaja tena kwetu, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli. Nililia mkuu, sio siri. Lakini angalia pia safari hii ugomvi ulikuwa wa madaraka na muhula wa tatu wa rais Nkurunziza, na wapo wengi waliotaka kuugeuza uwe wa kabila kama 1993, na waliokataa walikuwa Wahutu na Watutsi kwa pamoja, barabarani na kwenye hizo redio. Sisemi ni kwa ajili ya mchezo. Nasema kizazi kile ndo kilikua kinausikiliza.

Binti_Rift

Na yule mzee wa Mtabila? Ulisema unalo jibu.

Mwana_wa_Malagarasi

Ndiyo dada. Sidhani alibadilika moyo. Sikuwahi kumsikia akisema amesamehe na mimi sina haki ya kumdai hilo. Ila kulikuwa na utaratibu pale kwake, mawe ya redio, yaani betri, yakiisha watu wanachangishana, na asiye na hela anayaanika mawe ya zamani juani angalau yasogeze kipindi kimoja. Kuna mama mmoja alikuwa kaolewa upande wa pili, mume alishakufa, watoto wake walikuwa wanaitwa majina mabaya na hakuwa anakuja kusikiliza, anasimama njiani na kikapu kama anayepita. Siku moja zamu ya mawe ikakosa mtu. Yule mama akamtuma mwanae na mawe mawili mapya. Watu wakamwangalia mzee. Mzee akayapokea, akayaweka kwenye redio, halafu akamwambia yule mtoto kamwite mama yako, kipindi kinaanza.

Hakusema kingine. Wala wale waliokuwepo hawakusema kitu, na mimi nadhani kila mmoja alikuwa anadhani ndo atakayekuwa wa kwanza kumkubali yule mama na wenzake watamcheka, kumbe wote walikuwa wanasubiri mtu mmoja tu aanze.

Mtabila ilifungwa 2012, wakarudishwa kwao. Redio mzee aliniachia baba. Ipo mpaka leo, swichi ya sauti imekatika, tunaizungusha kwa msumari.

Mushi_wa_Kivu

Na yule mama alikuja?

Mwana_wa_Malagarasi

Alikuja. Alikaa karibu na mlango, na kikapu chake mapajani.